Ngumu au Laini? Raba ya Bekihendi na Kiwiko Chako

Kabla hujaendelea, weka gazeti hili mezani usimame. Jifanye umeshika raketi ya mpira wa meza. Piga fohendi, lile pigo ambalo kiganja kinatazama mbele. Umeona? Mguu umesukuma, kiuno kimegeuka, bega limefuata. Sasa geuza mkono, mgongo wa kiganja utazame mbele, halafu piga bekihendi. Kiuno kimetulia tuli. Kazi karibu yote imefanywa na kigasha (yaani sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kifundo) pamoja na kifundo chenyewe, tena katika nafasi finyu mbele ya tumbo.

Sasa swali. Kama mapigo haya mawili hayana nguvu sawa, kwa nini vijana wengi wanabandika raba ya ugumu uleule pande zote mbili za raketi?

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nikiwa mwaka wa pili chuoni nilikuwa nacheza kila jioni bwenini. Mshikaji mmoja akaniambia raketi yangu ni ya kitoto, ninunue raba ya kweli. Nikaenda dukani. Nilikuta raba mbili, moja ya Ulaya imeandikwa digrii 45, nyingine ya China imeandikwa 39. Mimi msomi wa chuo kikuu nikapiga hesabu: 39 ni ndogo kuliko 45, kwa hiyo ya China ndiyo laini. Nikainunua, nikaibandika upande wa bekihendi, nikatoka natabasamu.

Kumbe nilikuwa nimebeba jiwe. Mipira yangu ikawa inaishia kwenye neti. Nikaongeza nguvu. Ikaishia tena kwenye neti, nikaongeza tena. Baada ya wiki kama tano hivi nilikuwa siwezi kukamua nguo nilizofua. Kuinua birika la chai, kufungua kitasa cha mlango, kupeana mkono na mtu, vyote vilikuwa vinauma upande wa nje wa kiwiko. Nesi aliyenipokea hakujua lolote kuhusu mpira wa meza, ila aliniuliza swali moja zuri sana: "Mdogo wangu, ni kitu gani kipya umeanza kukifanya kwa mkono huu?"

Basi tuelewane kwanza, raba ni kitu gani. Ukikata raketi nzuri katikati utaona tabaka tatu. Katikati kuna ubao. Juu ya ubao kuna sponji. Juu ya sponji kuna ngozi ya raba yenyewe, ile inayogusa mpira. Ngozi na sponji vikichanganywa pamoja na gundi, sheria inataka unene usizidi milimita 4. Tukisema raba ni ngumu au laini, mara nyingi tunazungumzia sponji.

Mpira una gramu 2.7 tu, na unakaa kwenye raba kwa muda kama wa sehemu moja ya elfu ya sekunde. Katika kamuda hako kadogo mpira unapaswa kuzama kwenye sponji, ukamatwe na ngozi, usokotwe, halafu urushwe. Sponji laini inabonyea hata kwa pigo dogo. Sponji ngumu inasubiri pigo zito. Usipoipa hilo pigo, mpira hauzami. Unateleza, unatoka mlegevu bila kusokotwa, unaanguka kwenye neti. Ndiyo maana wachezaji wengi wakubwa wa China wanabandika raba ngumu yenye kunata upande wa fohendi, halafu upande wa bekihendi wanaweka laini zaidi. Hao watu wanafanya mazoezi saa nyingi kila siku na mikono yao ni chuma. Wewe unayecheza baada ya kuchota maji na kumaliza homuweki utaanzaje na ngumu?

Turudi kwenye zile namba, maana hapo ndipo wengi tunaliwa. Ugumu unapimwa kwa kifaa chenye kijisindano kinachobonyeza sponji. Lakini viwanda havitumii kipimo kimoja. Kuna kipimo cha Ujerumani, ambacho hutumiwa na kampuni nyingi za Ulaya. Hapo 40 ni laini, 45 ni ya kati, na kuanzia 50 ni ngumu. Kuna kipimo cha China, ambapo raba maarufu huandikwa 39, 40 au 41, na hiyo 39 huweza kuwa ngumu kuliko 45 ya Ujerumani. Halafu kuna Butterfly ya Japani yenye kipimo chake: raba yao ya Tenergy 05 ni 36, ndugu yake laini anayeitwa Tenergy 05 FX ni 32, na Dignics 05 ni 40. Kwa hiyo unaweza kukuta 36, 39 na 45 kwenye kabati moja la duka, na yenye namba ndogo isiwe ndiyo laini. Linganisha namba za kampuni moja tu. Ukivuka kampuni, muulize muuzaji ni kipimo cha nchi gani. Akikuambia "zote ni sawa tu", mshukuru uende duka jingine.

Kidole gumba nacho kinasaidia kidogo. Bonyeza raba zote mbili kwa wakati mmoja, moja kwa gumba la kushoto, nyingine kwa la kulia. Hutapata digrii, ila utajua ipi inakataa. (Futa jasho la vidole kwanza, mwenye duka asije akakufukuza!)

Lakini hakuna kipimo kinachoshinda meza. Juzi katika kituo cha vijana ninakofundisha, kijana mmoja wa kidato cha tatu alinijia na malalamiko: "Dada, bekihendi yangu inakufa kwenye neti, nifanye mazoezi ya kunyanyua vyuma?" Nikamwambia subiri, tuijaribu raketi kwanza kabla ya kulaumu misuli. Na wewe unaweza kufanya hivihivi. Mwombe mwenzako akupelekee mipira 20 ya taratibu, yote upande wa bekihendi. Ile 10 ya mwanzo piga kwa nusu ya nguvu zako, ukisokota kutoka chini kwenda juu. Ile 10 ya mwisho piga kwa nguvu zako zote.

Tazama inakoangukia, na sikiliza. Kama ya nusu nguvu inaishia kwenye neti, na ile ya nguvu zote ndiyo pekee inayovuka, raba ni ngumu kwako. Kama ya nusu nguvu inavuka vizuri lakini ya nguvu zote inatoa mlio mkavu wa "ko!" na kuruka nje ya meza bila kusokotwa, raba ni laini mno. Sponji imebonyea hadi mwisho na mpira umegonga ubao. Zikivuka zote, umeshapata raba yako. Usibadilishe kwa sababu tu rafiki yako amenunua mpya.

Yule kijana alivusha mipira 2 kati ya ile 10 ya mwanzo. Tukamwazima raketi ya mwenzake yenye sponji laini, akavusha 8. Vyuma tukavisahau.

Hapa naomba nisieleweke vibaya. Laini siyo dawa ya kila mtu. Kama mchezo wako ni kusimama karibu na meza na kugonga mpira bapa bila kuusokota, au kuzuia mapigo ya mpinzani, raba ya ugumu wa kati itakutii zaidi. Tena raba nyingi za kisasa zilizo laini zina mruko: unagusa tu servisi fupi ya mpinzani, mpira unapaa juu, anaumaliza. Wapo makocha wanaosema kijana aanze na ngumu ili ajifunze kupiga pigo kamili. Kwa fohendi nawaelewa. Kwa bekihendi ya mtoto wa miaka 15 mimi sikubaliani nao. Kiwiko chake kitajifunza kitu kingine kabisa.

Kama unaanza, tafuta raba ya bekihendi kati ya 38 na 43 kwa kipimo cha Ujerumani, sponji ya milimita 1.5 hadi 1.8. Unene una maana, maana sponji nene na ngumu ni nzito, na uzito wa raketi unabebwa na kifundo chako kila mpira. Ukishacheza miaka miwili mitatu na pigo lako limekomaa, panda taratibu hadi 45 au 47.5. Ukiwa sehemu za joto kama pwani, kumbuka sponji inalainika kidogo kwa joto. Raba iliyokufaa Arusha mwezi Julai inaweza kukuchezea tofauti Tanga mwezi Februari.

Sasa tuzungumze afya, maana ndiyo kazi iliyonileta hapa. Maumivu niliyoyapata mimi yana jina: kiwiko cha tenisi. Misuli inayonyanyua kiganja kwenda nyuma imefungwa na mishipa migumu, iitwayo kano, kwenye mfupa wa nje wa kiwiko. Bekihendi inaitumia misuli hiyo kila pigo. Raba haikuumizi yenyewe. Kinachokuumiza ni kule kulazimisha: unakaza mshiko, unatupa kifundo kwa nguvu, mara mia kadhaa kila jioni, mpaka kano inachoka.

Jipime. Kunja ngumi, nyoosha mkono mbele, mwenzako asukume ngumi yako chini huku wewe unakataa. Ukiuma upande wa nje wa kiwiko, punguza bekihendi mara moja. Siyo lazima uache mchezo wote. Legeza mshiko, raketi ishikwe kama vile unavyomshika kifaranga. Maumivu yakitulia, laza kigasha mezani, kiganja kitazame chini, kifundo kining'inie nje ya ukingo. Shika chupa ya maji ya nusu lita. Inyanyue kwa msaada wa mkono mwingine, halafu ishushe polepole kwa mkono unaouma peke yake. Mara 10 hadi 15, kila siku. Ikiuma sana, punguza maji. Usimeze vidonge vya maumivu ili upate kucheza, maana hapo unaizima kengele huku nyumba inaungua. Na ukiona vidole vinakufa ganzi, kiwiko kimevimba, au maumivu yamekuja baada ya kuanguka, nenda kituo cha afya, usingoje.

Kuna jambo la mwisho ambalo linanitisha kuliko kiwiko. Kijana akigundua raba yake ni ngumu na hana hela ya nyingine, atasikia kwamba inaweza kulainishwa kwa gundi ya viatu. Na ni kweli, inalainika. Miaka ya 1980 na 1990 wachezaji wakubwa duniani walikuwa wanapaka gundi yenye kemikali kali kabla ya mechi. Ile hewa inaingia kwenye vitundu vya sponji, sponji inavimba na kulainika, mpira unaruka kama umetoka kwenye manati. Lakini hewa hiyohiyo, ambayo mara nyingi ni ya toluini na wenzake, inaingia pia kwenye mapafu. Ndiyo ileile inayowalewesha watoto wanaoishi mitaani. Inaleta kizunguzungu na kichefuchefu. Ukiivuta mara kwa mara inaharibu ubongo, figo na ini, na ukiivuta kwa wingi inaweza kusimamisha moyo ghafla. Tena inashika moto haraka. Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Meza lilipiga marufuku gundi hizo kuanzia tarehe 1 Septemba 2008, na sheria hairuhusu kuitia raba dawa yoyote baada ya kutoka kiwandani.

Gundi salama ni ile ya maji. Ni nyeupe kama maziwa na ikikauka inakuwa angavu. Paka nyembamba kwenye sponji na kwenye ubao, subiri zote mbili zikauke, ndipo ubandike. Ukitaka kubandua, anza kwenye kona na vuta taratibu sambamba na ubao.

Na ile raba ngumu usiitupe, raba moja nzuri ina bei. Ihamishie fohendi, huko ambako mguu na kiuno vitaisaidia, kisha tafuta laini ya bekihendi. Pande hizo mbili lazima ziwe na rangi tofauti, moja nyeusi na nyingine ya rangi inayong'aa. Kwa hiyo kama ngumu yako ni nyeusi, laini ununue nyekundu. Mimi nilifanya hivyohivyo. Kiwiko kilichukua miezi mitatu kupona, na lile jiwe langu la digrii 39 liko upande wa fohendi mpaka leo.