Kabla ya Kutia Saini: Dawa za Majaribio na Maumivu ya Siko Seli

Ukiwa na siko seli, usitie saini fomu ya dawa ya majaribio siku ambayo maumivu yamekukamata. Kwangu hili ndilo kubwa kuliko yote. Mtu aliyekesha kwa kuumwa mifupa hukubali lolote akisikia kuna dawa mpya. Iombe fomu, rudi nayo nyumbani Ibra, hapa Oman, na umpe ndugu asiyeumwa aisome kwa utulivu. Kama mama au bibi ndiye mlezi wa mgonjwa, na Kiswahili ndicho anachokielewa vyema kuliko Kiarabu cha hospitali, asomewe kwa Kiswahili mpaka aanze kuuliza maswali yake mwenyewe. Muda wa kufikiri ni haki yako. Anayekuharakisha mwambie hapana.

Sisemi habari za mbali. Uchunguzi wa watoto wa Oman mwaka 1995 ulionyesha kuwa takriban 6 kati ya kila 100 wamerithi jeni ya siko seli, na 2 kati ya kila 1,000 wana ugonjwa wenyewe. Watafiti huenda kwenye wagonjwa, kwa hiyo Oman imo katika majaribio makubwa ya dunia.

Mfano ni dawa ya voxelotor, iliyouzwa kwa jina la Oxbryta. Marekani iliiruhusu Novemba 2019, kwa njia ya haraka, baada ya jaribio lililoonyesha kuwa inapandisha himoglobini, yaani protini ya damu inayobeba oksijeni. Kwa waliopewa kipimo kikubwa, karibu nusu yao himoglobini ilipanda. Lakini mashambulizi ya maumivu hayakupungua kwa kiasi cha kuthibitika. Kisha likafanyika jaribio jingine la watoto 236 wenye hatari ya kiharusi, wakiwemo watoto wa Oman, Kenya na Saudia. Wakafa 8 waliopewa dawa, na 2 waliopewa kidonge kitupu, kisicho na dawa. Tarehe 25 Septemba 2024 kampuni ya Pfizer ikaiondoa dawa hiyo duniani kote. Ilikuwa imeshapita majaribio ya mwanzo, imeshaidhinishwa, na watu walikuwa wanaimeza kila siku.

Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza daktari wa utafiti ni hili: mnapima nini hasa? Mnahesabu siku nitakazoumwa, au mnahesabu namba ya kwenye damu? Akijibu namba, muulize ni nani ameshathibitisha kuwa namba hiyo ikipanda maumivu yanapungua. Mara nyingi jibu ni kwamba bado, na kwa dawa ya majaribio jibu hilo si aibu, ila ulijue kabla ya kukubali. Uliza pia kama kuna kundi litakalopewa kidonge kitupu, na jaribio liko awamu gani. Awamu ya kwanza hupima hasa usalama. Katika jaribio la awamu hiyo mwaka 2016, mjini Rennes, Ufaransa, watu wazima wenye afya walipewa dawa mpya iliyotarajiwa kutuliza maumivu. Sita walilazwa, mmoja akafa.

Usiache haidroksiurea, dawa ya siku nyingi ya siko seli, kwa kutamani kipya bila daktari wako wa kawaida kukubali. Faida yake katika kupunguza mashambulizi ilithibitishwa tangu 1995, na utafiti wa watoto wa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha maumivu, malaria na vifo vikipungua. Inahitaji kupimwa damu mara kwa mara, lakini madhara yake yanajulikana.

Halafu kuna suala la usiku. Majaribio mengi yanaendeshwa Maskati, na wewe unaishi Ibra, mwendo wa karibu saa mbili kwa gari. Ukizidiwa saa nane usiku, daktari wa zamu wa hapa hatajua umemeza nini. Kwa hiyo dai kadi yenye jina la dawa na simu inayopokewa saa zote, utembee nayo mfukoni, na nakala yake ikae kwa mtu wa nyumbani. Uliza nani atalipia matibabu dawa ikikudhuru, na jaribio likiisha utaendelea kuipata au utaachishwa vipi. Unaweza kujitoa siku yoyote bila kutoa sababu, ila usikate dawa ghafla kimyakimya. Waambie wakuachishe salama.

Jaribio la kweli halikuuzii dawa. Kwa kawaida hukurudishia hata nauli. Anayekutaka ulipe pesa nyingi kwa sindano ya seli shina kwenye mgongo au magoti, akisema ni utafiti, mwombe namba ya usajili wa jaribio na barua ya kamati ya maadili. Asipotoa, ondoka.

Na ukitaka kwenda Unguja au Pemba kuwaona jamaa, watafiti waarifu mapema. Malaria ni hatari kubwa kwa mwenye siko seli, na dawa ya kuikinga huenda isipatane na ile ya majaribio. Wakupe jibu la maandishi kabla hujakata tiketi.