Breki Iliyoingia Upepo

Mhariri wetu aliniomba niandike somo la Fizikia ambalo mtu aweza kulitumia nyumbani kwake. Sikwenda mbali kulitafuta. Nililipata njiani mwezi wa Aprili, nikitoka sokoni Kasulu kurudi Kabanga, na ilikuwa nusura nimwumize mtu.

Baiskeli yangu si kama zile za breki za vyuma tuzijuazo sote hapa Buha, zibebazo ndizi na magunia ya mkaa. Ni baiskeli ya milimani yenye gia, niliyoinunua kwa bwana mmoja aliyekuwa akimaliza kazi yake katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Breki zake hazina waya. Ukibana mkono wa breki, mafuta yaliyomo katika mpira mwembamba husukuma pistoni mbili ndogo, nazo pistoni hubana pedi juu ya sahani ya chuma iliyo katikati ya gurudumu.

Kwa majuma kadhaa nilikuwa nimeona kwamba breki ya mbele inalegea. Nikibana mara moja, mkono wafika karibu na usukani. Nikibana mara mbili tatu upesi upesi, yashika. Nikajiambia, "Madhali yashika, hapana neno." Hilo ndilo lililokuwa kosa langu. Siku ile mvua ilikuwa imenyesha na udongo mwekundu ulikuwa ukiteleza kama sabuni. Nilipokuwa nikiteremka kilima, mama mmoja akaanza kuvuka njia, mzigo wa maharage kichwani na mtoto mgongoni. Nikabana. Mkono ukagusa usukani na baiskeli ikazidi kwenda. Breki ya nyuma ilifunga gurudumu, likateleza tu juu ya tope. Hapakuwa na nafasi ya kubana mara ya pili wala ya tatu. Nikajitupa mtaroni. Mama yule alisimama, akanitazama nilivyojaa matope, akasema, "Pole, mwalimu." Laiti angalinitukana, ningaliona nafuu.

Kwa nini upepo ni adui

Mwanachuoni Mfaransa, Blaise Pascal, aliyeishi tangu 1623 hadi 1662, alieleza kwamba kanieneo inayotiwa mahali pamoja katika maji au mafuta yaliyofungiwa huenea pande zote bila kupungua. Hiyo ndiyo kazi ya breki ya mafuta. Kidole chasukuma huku, pedi yabana kule. Lakini kazi hiyo yafanyika kwa sababu moja tu, yaani mafuta hayakubali kushindiliwa. Hewa hukubali. Ukizidisha kanieneo mara mbili, ujazo wa hewa hupungua kuwa nusu.

Tufanye hesabu. Tuseme pistoni iliyo kwenye mkono wa breki ina kipenyo cha sentimita 1. Eneo lake ni kama sentimita za mraba 0.79. Ikiwa ndani ya mafuta kuna kipovu cha mililita 1, na kanieneo ikawa mara mbili, kipovu hicho chapungua kwa nusu mililita. Basi pistoni yatembea zaidi ya milimita 6 ikishindilia upepo tu, na pedi bado hazijabana kitu. Na katika breki kanieneo hupanda mara nyingi zaidi ya mbili.

Jambo hili nililionyesha darasani kwa mabomba mawili ya sindano yaliyonunuliwa duka la dawa, dogo na kubwa, bila sindano zake, yameunganishwa kwa mpira mwembamba. Tulipoyajaza maji bila kuacha hewa, msichana mdogo kuliko wote darasani alisukuma bomba dogo kwa kidole gumba, na mvulana mwenye nguvu akashindwa kulizuia bomba kubwa lisitoke. Kipenyo cha bomba kubwa kikiwa mara mbili ya cha dogo, eneo lake huwa mara nne, na kani nayo mara nne. Kisha tukaingiza hewa kidogo. Msichana akasukuma tena. Bomba dogo likaingia, lakini kubwa halikutikisika. Darasa zima likacheka, nami nikakumbuka mtaro.

Kuujua ugonjwa kabla ya dawa

Si kila breki mbovu imeingia upepo. Tazama dalili hizi:

1. Mkono waenda mbali, lakini mwishoni wawa mgumu: pedi zimekwisha. Badilisha pedi.
2. Mkono ni laini kama sifongo, na ukibana mara nyingi wapanda: kuna upepo ndani.
3. Umebana na kushikilia, nao mkono wazidi kushuka polepole: mafuta yavuja mahali. Kabla ya yote tafuta panapovuja, kwa maana ukitoa upepo bila kuziba tundu, utarudi tena.

Kosa la pili nililoponea

Fundi wetu wa baiskeli hana mfano kwa kukaza vyuma na waya, lakini breki kama hii alikuwa hajaiona. Alinishauri ninunue chupa ya mafuta ya breki ya pikipiki, nami nikainunua. Nilikuwa nimekwisha kuifungua mbele ya darasa, mvulana mmoja wa Kidato cha Tatu akanyosha mkono. "Samahani, mwalimu. Hapa kwenye mkono wa breki pameandikwa mafuta ya madini peke yake. Chupa hii imeandikwa DOT."

Alisema kweli. Breki za baiskeli ziko za namna mbili. Watengenezaji kama Shimano na Magura hutumia mafuta ya madini, na wengine hutumia mafuta ya DOT kama ya magari. Mipira ya ndani inayozuia mafuta yasivuje imetengenezwa kwa namna moja tu. Ukitia mafuta yasiyo yake, mipira huvimba na kuharibika, pistoni hukwama, na breki nzima huwa ya kutupwa. Nikafunga chupa, nikaagiza mafuta ya madini kutoka Dar es Salaam. Yakaja kwa basi. Mpaka yalipofika nilikwenda kwa miguu.

Kutoa upepo

Kazi yenyewe si ngumu, ila yataka usafi na subira.

1. Toa gurudumu na pedi, uziweke mbali. Tone moja la mafuta likiingia katika pedi, pedi hiyo haitashika tena.
2. Weka kipande safi cha ubao katikati ya pistoni, ili zisitoke.
3. Simamisha baiskeli hivi kwamba mkono wa breki uwe juu kuliko sehemu zote. Hewa hupanda, hivyo ipe njia ya kupandia.
4. Fungua skrubu ya juu, kwenye mkono, ukaweke kikombe kidogo chenye mafuta kidogo.
5. Jaza bomba la sindano mafuta mapya, toa vipovu vyote, ulifunge kwa mpira mweupe kwenye nipeli ya chini. Legeza nipeli kidogo tu, kisha sukuma polepole. Mafuta machafu na vipovu vitatokea juu kikombeni. Endelea mpaka vipovu viishe, kisha kaza nipeli.
6. Bana na kuachia mkono polepole mara nyingi, huku ukigongagonga mpira wa mafuta kwa kidole. Vipovu vilivyojificha vitapanda.
7. Funga skrubu ya juu kikombe kikiwa bado na mafuta, pangusa kila mahali kwa spiriti, kisha rudisha pedi na gurudumu.

Sasa bana kwa nguvu zako zote na kushikilia. Mkono ukisimama mgumu na pasivuje kitu, jaribu breki mahali tambarare. Usiijaribu kilimani kwanza.

Neno kwa wenye pikipiki

Wazazi na kaka zetu wengi huendesha pikipiki za abiria, na baadhi zina breki ya mafuta mbele. Sheria ni ile ile, ila mafuta yake kwa kawaida ni DOT 3 au DOT 4, kama kifuniko kinavyosema. Mafuta haya hunyonya maji kutoka hewani. DOT 4 mapya hayachemki kabla ya nyuzi 230 za Sentigredi, lakini yakishanyonya maji yaweza kuchemka kwenye nyuzi 155. Katika mteremko mrefu breki hupata moto sana. Maji yaliyomo yakichemka huwa mvuke, nao mvuke hushindiliwa kama hewa. Basi breki iliyokuwa nzuri juu ya kilima yaweza kukukosa kabla hujafika bondeni. Badilisha mafuta kila baada ya miaka miwili au kabla ya hapo, wala usitumie chupa iliyokaa wazi. Na usitie kamwe mafuta ya kupikia, oili ya injini, wala maji.

Breki iliyo laini yakuonya mapema. Mimi nilionywa kwa majuma kadhaa nikafanya kiburi, na aliyekuwa karibu kulipia kiburi changu ni mama asiye na kosa na mtoto wake. Msingoje mtaro.

Maswali

1. Kwa nini mkono wa breki yenye upepo hupanda ukibanwa mara nyingi upesi?
2. Kipenyo cha pistoni ya juu ni milimita 10 na cha pistoni ya chini ni milimita 20. Ya juu ikisukumwa kwa kani ya Nyutoni 100, ya chini itasukuma kwa kani gani?
3. Nenda katazame breki moja nyumbani kwenu. Ni ya chuma, ya waya au ya mafuta? Ibane, kisha uandike mistari mitano juu ya hali yake, na umsomee mwenyewe anayeiendesha.