Usafi wa Almasi
Almasi za Mwadui, Shinyanga, zilifanyika katika kina cha zaidi ya kilomita 100 chini ya uso wa dunia. Kaboni ilipokuwa ikijiunda kuwa fuwele, chembe za madini mengine, kama ganeti, ziliweza kunaswa ndani yake. Ndiyo maana jiwe lisilo na dosari ni nadra mno. Mpimaji hutumia lenzi inayokuza mara 10, na dosari isiyoonekana kwayo huhesabiwa kuwa haipo. Nukta ndogo aghalabu haidhuru jiwe, ingawa hushusha bei. Ufa uliofika ukingoni ni jambo jingine: almasi, japo ni ngumu kuliko madini yote, hupasuka ikigongwa upande fulani wa fuwele yake, na jiwe kama hilo laweza kuvunjika sonara anapolipachika katika pete.