KUMTAMBUA KIFARANGA JIKE NA DUME SIKU YA KWANZA

Mfugaji anunuaye vifaranga 40 kwa ajili ya mayai, bila kujua jinsia yao, hana budi kutazamia kwamba karibu nusu yao watakuwa madume. Atawalisha wote na kuwatia joto wote usiku. Baada ya wiki nyingi, undu zinapoanza kuwa nyekundu, ndipo atakapoona kwamba mapora 20 wamekula chakula ambacho kingaliwafikisha mitetea kwenye kutaga. Kwa nyumba itegemeayo fedha za mayai kupata chumvi, sabuni na vitabu vya watoto, hasara hiyo si ndogo. Yafaa basi ijulikane kwamba iko njia ya kumtambua kifaranga siku ile ile anapokauka manyoya, wala haihitaji chombo chochote.

Kwanza ziachwe njia zisizo za kweli. Wako wasemao kwamba yai lenye ncha kali hutoa dume, na lililo mviringo hutoa jike. Wengine huning'iniza pete kwa uzi juu ya yai na kutazama inavyoyumba. Wengine humshika kifaranga miguu, kichwa chini, wakidai kwamba jike hutulia na dume hupapatika. Njia hizo hupata mara moja na kukosa mara moja. Mtu akirusha sarafu hewani atapata vivyo hivyo.

Iko njia nyingine iliyo ya kweli, lakini si ya kila mtu. Katika miaka ya 1920 wataalamu wa Japani walionyesha kwamba ndani ya tundu la nyuma la kifaranga dume mna kinundu kidogo sana, ambacho kwa kawaida jike hana. Kukitambua kinundu hicho hutaka mafunzo marefu na macho makali. Mkono usiozoea humwumiza kifaranga, hata kumwua. Mfugaji wa nyumbani asiijaribu kazi hiyo.

Njia inayomfaa ni ya rangi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, chakula kilipokuwa haba Uingereza, mtaalamu R. C. Punnett wa Cambridge alishauri kwamba itumike ili chakula kisipotee kwa vifaranga madume. Asili yake ni hii: katika kuku ziko rangi ambazo urithi wake hufuatana na jinsia. Kifaranga dume huupokea urithi wa rangi hizo kwa baba na kwa mama. Kifaranga jike huupokea kwa baba peke yake.

Jogoo wa Rhode Island Red, ambaye ni mwekundu, awekwe pamoja na mitetea wa Light Sussex, ambao ni weupe wenye manyoya meusi shingoni na mkiani. Vifaranga majike watamfuata baba, nao watatoka na rangi ya kahawia au nyekundu. Madume watatoka na rangi ya manjano iliyopauka, kwa kuwa weupe wa mama huushinda wekundu wa baba. Vifaranga watazamwe mchana, penye mwanga mzuri, wakiisha kukauka. Kuku wa mayai wa rangi ya kahawia wauzwao na viwanda vya vifaranga, kama wale waitwao Isa Brown, hutengwa kwa asili hiyo hiyo.

Jogoo huyo huyo mwekundu akiwekwa pamoja na mitetea wa Plymouth Rock wenye mistari myeupe na myeusi, vifaranga wote watatoka weusi, lakini madume watakuwa na doa jeupe utosini.

Hata hivyo, wengi hujaribu njia hii wakakosa, kisha wakasema ni uongo. Sababu ni kwamba humtazama kifaranga bila kuwatazama wazazi wake. Kwa hiyo yashikwe mambo matatu.

La kwanza, wazazi wasigeuzwe. Akiwekwa jogoo wa Light Sussex pamoja na mitetea wekundu, vifaranga wote, majike na madume, watatoka weupeupe, wala hapatakuwa na alama yoyote.

La pili, alama hii ni ya uzao mmoja tu. Mitetea waliopatikana kwa njia hii hutaga vizuri, lakini wakizalishwa na ndugu zao, rangi huchanganyika, na mwenye kuzifuata atawauza majike wake akidhani ni madume. Kila mara mfugaji anapotaka vifaranga wenye alama, lazima arudi kwa wazazi wa asili safi. Kuku wa kienyeji wa rangi mbalimbali nao hawawezi kutegemewa.

La tatu, asiwepo jogoo mwingine. Mtetea huweza kutaga mayai yenye mbegu ya jogoo wa kwanza kwa siku nyingi baada ya jogoo huyo kuondolewa. Basi mfugaji angoje wiki tatu kabla ya kuanza kukusanya mayai ya kuatamiwa, na banda liwe na ua wa kuzuia majogoo wa jirani. Jogoo mmoja hutosha mitetea wapatao 10.

Mambo hayo yakishikwa, vifaranga watatengwa tangu siku ya kwanza. Majike watapewa nafasi na chakula cha kuwafikisha kwenye kutaga. Madume wataweza kuuzwa mapema, au kulishwa mbali kwa ajili ya nyama, na gharama yao ikajulikana. Mfugaji aandike siku aliyomwondoa jogoo wa kwanza, siku aliyoanza kukusanya mayai, na hesabu ya majike na madume waliototolewa, kwa maana wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari.