Uuguzi, Kibarua na Kodi: Kumaliza Muhula Kahawa Sukari Bila Kuzama kwa Deni la Simu

Somo la leo ni la wanafunzi wa uuguzi, hasa wanaokaa Kahawa Sukari na mitaa jirani kama Wendani, Githurai na Ruiru. Lakini hata kama wewe si mwanafunzi, na kazi yako tu ni kumtumia mtoto pesa kila mwezi, endelea kusoma. Kuna sehemu yako humu ndani.

Kahawa Sukari iko Kaunti ya Kiambu, kando ya Thika Road. Chuo Kikuu cha Kenyatta kiko hapo karibu, pamoja na hospitali yake kubwa ya rufaa. Ukipanda matatu kuelekea Thika utapata KMTC, Chuo Kikuu cha Mount Kenya na Hospitali ya Thika Level 5. Ndiyo maana ukitoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, huwezi kukosa kuona kijana aliyevaa sare ya uuguzi, begi mgongoni, akisubiri matatu.

Huyo kijana ana tatizo ambalo mwanafunzi wa kozi nyingine huenda hana. Wa kozi nyingine anaweza kukosa lecture moja, aende kibarua, kisha aombe noti kwa rafiki. Wa uuguzi hawezi kuomba noti za wodi. Saa za mazoezi hospitalini zinahesabiwa na kutiwa sahihi kwenye logbook, na bila kuzikamilisha hapati nafasi ya kufanya mtihani wa Baraza la Wauguzi la Kenya. Kwa hivyo siku pesa ikiisha, anachoweza kupoteza ni mwaka mzima, si chakula cha jioni peke yake.

Tuanze kupiga hesabu.

1. Panga kwa muhula, usipange kwa mwezi

Tumeandaa mfano wa mwanafunzi mmoja anayegawana bedsita na mwenzake. Hizi ni namba za zoezi tu. Toa zetu, weka zako. Karo tumeiacha kando.

Pesa inayoingia kwa mwezi:
- Kutoka nyumbani: 5,500
- HELB (20,000 za matumizi, zikigawanywa kwa miezi 4): 5,000
- Kibarua: 4,000
- Jumla: 14,500

Pesa inayotoka kwa mwezi:
- Kodi, nusu yake: 4,500
- Chakula: 5,500
- Nauli ya mazoezi: 1,500
- Tokeni za stima, maji na gesi: 1,000
- Bando: 500
- Vifaa vya shule, kuchapisha, glavu: 900
- Akiba ya dharura: 600
- Jumla: 14,500

Kwa karatasi, mambo ni sawa kabisa. Lakini kuna mitego miwili ndani ya hiyo orodha, na yote miwili huonekana mwanafunzi akiingia wodi.

Mtego wa kwanza ni nauli. Wakati wa masomo ya darasani anatembea kwa miguu, nauli ni karibu sufuri. Halafu anapangiwa Pumwani kwa mazoezi ya uzazi, au Mathari kwa afya ya akili. Tuseme nauli ni 200 kwa siku, siku 5 kwa wiki, kwa wiki 6. Hiyo ni 6,000. Na tunajua mvua ikinyesha Thika Road, makanga hakuulizi kama wewe ni mwanafunzi.

Ukingoja hiyo wiki ifike ndipo utafute 6,000, utakopa. Lakini muhula una wiki 16. Gawanya 6,000 kwa 16, unapata 375. Weka 375 kando kila wiki kuanzia wiki ya kwanza, hata kama huendi popote. Baada ya wiki 10 za darasani utakuwa na 3,750. Ukiingia wodi, kila wiki unahitaji 1,000: unatoa 625 kwa akiba na unaongeza 375 za wiki hiyo. Wiki ya 6 ikiisha, akiba imeisha, na hudaiwi na mtu.

Mtego wa pili ni kibarua. Kazi ya 4,000 kwa mwezi ni 16,000 kwa muhula. Lakini zile wiki 6 za wodi, ukiwa na zamu ya asubuhi wiki hii na ya usiku wiki ijayo, utafanya kibarua saa ngapi? Ukweli ni kwamba pesa hiyo yote inapaswa kupatikana katika wiki 10. Kwa hivyo lengo lako si 1,000 kwa wiki. Ni 1,600. Ukijua hivyo mwanzoni mwa muhula, unaweza kujipanga. Ukijua wiki ya 11, umechelewa.

2. Chagua kibarua kinachokubali kusimama

Swali la kwanza la kujiuliza si "kinalipa ngapi?" Jiulize, "nikipotea wiki 6, nitakipata tena?"

Kazi ya duka ya kila siku inalipa vizuri lakini mwenye duka hatakungoja. Kusuka nywele, kufua nguo, kufundisha watoto wa shule wikendi, kuuza mitumba kwa WhatsApp, kuuza mayai ya kuchemsha na mandazi hostelini: hizi zinaweza kulala na kuamka. Kufundisha kuna faida yake hapa Kahawa Sukari, kwa sababu ni mtaa wa familia nyingi na wazazi wanatafuta mtu wa kusaidia mtoto na sayansi.

Kuna kazi moja tunaomba usiguse. Mtu wa plot akijua unasomea uuguzi, atakuja kukuomba umdunge sindano au umwekee maji ya mshipa, halafu akutumie 300 kwa simu. Kufanya kazi ya uuguzi bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Wauguzi na Wakunga, na hiyo 300 inaweza kukugharimu leseni ambayo hata hujaipata. Mwelekeze kwa kituo cha afya.

Na usisahau usingizi. Ukitoka zamu ya usiku, kisha uende kibarua mpaka saa kumi, kisha urudi wodini, wewe ndiye utakayesoma kipimo cha dawa ya mgonjwa. Hakuna kibarua cha 500 kinacholipa kosa la hapo. Siku za zamu ya usiku, kazi yako ya mchana ni kulala.

3. Ada ndogo ndogo zinakula zaidi ya unavyodhani

Wengi wetu hapa Kenya tunatumia M-Pesa, kwa hivyo tutatumia ada zake kama mfano. Ada hubadilika, hakikisha umeangalia orodha ya sasa.

Kutoa pesa kwa wakala, kiasi chochote kuanzia 101 hadi 2,500, ni shilingi 29. Yaani kutoa 200 na kutoa 2,000 ni bei moja. Mtu anayetoa 200 mara tano kwa wiki amelipa 145. Anayetoa 1,000 mara moja amelipa 29. Tofauti ni 116 kwa wiki, na kwa wiki 16 ni 1,856. Hiyo ni zaidi ya tokeni, maji na gesi za mwezi mzima.

Bora zaidi, usitoe kabisa pale usipohitaji. Ukilipa dukani kwa namba ya Lipa na M-Pesa ya kununua bidhaa, mteja hakatwi ada. Mama mboga wengi sasa wana namba hiyo. Keshi ibaki ya matatu peke yake.

Sasa tuje kwa mzazi. Mzazi wengi hutuma 5,500 yote tarehe moja, na ada ni 78. Ukituma 1,375 kila wiki, ada ni 23, na kwa wiki nne ni 92. Unaongeza shilingi 14 tu. Kama mtoto wako ni wa kumaliza pesa tarehe kumi, hizo shilingi 14 ni bei nafuu sana ya utulivu. Kama anajua kujipanga, tuma mara moja. Zungumzeni, kila mtoto na tabia yake.

4. Si kila mkopo ni sawa

Hapa ndipo wengi huumia, kwa hivyo soma polepole.

HELB inatoza wanafunzi wa shahada ya kwanza riba ya asilimia 4 kwa mwaka. M-Shwari inatoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, bila kuhesabu ushuru. Mtu akisikia 4 na 7.5 anadhani zinakaribiana. Hazikaribiani. Moja ni ya mwaka, nyingine ni ya mwezi.

Chukua 3,000. Kwa M-Shwari, ada ya mwezi mmoja ni 225. Ukilipa na kukopa tena kila mwezi kwa miezi minne ya muhula, umelipa 900 na bado unahisi una shida ile ile ya 3,000. Kwa asilimia 4 ya mwaka, 3,000 hiyo hiyo kwa miezi minne ingekuwa na riba ya shilingi 40.

Sisi ni kampuni ya malipo ya simu, na hatuwezi kukuambia mikopo ya simu haina kazi. Ina kazi. Mtoto ameugua usiku, unahitaji nauli, na una uhakika pesa inaingia Ijumaa: kopa, lipa Ijumaa, maliza. Lakini mkopo wa simu si wa kulipia kodi kila mwezi, na kufuliza si mshahara. Kanuni yetu ni hii: kama huwezi kutaja tarehe na jina la mtu atakayekupa pesa ya kulipa, usikope.

HELB ikichelewa, na hutokea, mtu wa kwanza kuongea naye ni keateka au mwenye nyumba, kabla tarehe ya kodi haijapita. Ujumbe kama huu unatosha: "Habari yako mzee. HELB bado haijaingia. Naomba kulipa 2,500 leo na 2,000 tarehe 15. Asante kwa kunielewa." Kisha tuma hiyo 2,500 saa hiyo hiyo. Mtu aliyepokea nusu na tarehe hukasirika kidogo kuliko mtu anayeona simu haishikwi. Na ujumbe wa malipo ubaki kwa simu yako kama risiti.

Na kama hujaomba HELB kwa sababu uko KMTC ukidhani ni ya wa chuo kikuu pekee, omba. Wanafunzi wa diploma pia huzingatiwa.

5. Linda kile kidogo ulicho nacho

Matapeli wanajua kalenda ya wanafunzi. HELB ikisemekana inaingia, SMS za uongo nazo zinaingia. Shikilia mambo haya:

- Namba ya siri ni yako peke yako. Hakuna ofisi inayoihitaji, hata sisi.
- Malipo ya taasisi za serikali kupitia eCitizen hutumia Paybill 222222. Mtu akikuambia utume "pesa ya nafasi ya mazoezi" au "pesa ya kusajiliwa" kwa namba yake binafsi, simama. Uliza ofisi ya chuo ana kwa ana.
- Usitume deposit ya nyumba ambayo hujaingia ndani na kuiona. Picha si nyumba.
- Kabla ya kutuma, soma jina linalotokea. Ukikosea kwa M-Pesa, tuma ule ujumbe wa muamala kwa 456 mara moja, kabla aliyepokea hajatoa.
- Ukiwa zamu ya jioni, acha nauli ya kurudi kwa simu na kwa mfuko, pande zote mbili. Simu huzima chaji.

Zoezi la wiki hii

Chukua dakika 20, karatasi na kalamu.

1. Fungua taarifa ya simu yako ya mwezi uliopita. Jumlisha ada za kutoa pesa peke yake. Andika hiyo namba.
2. Uliza ofisi au wanafunzi waliotangulia: muhula huu mazoezi ni wapi, na ni wiki ngapi? Zidisha nauli ya siku kwa siku zote. Gawanya kwa wiki zilizobaki.
3. Fungua akiba iliyofungwa kwa simu, ile isiyotoka kwa kubonyeza mara moja. Ipe jina "Wodi". Weka kiasi cha wiki ya kwanza leo.
4. Tafuta wanafunzi wanne wa darasa lako wanaokaa mtaa mmoja nawe. Mkiweka 100 kila mmoja kwa wiki, mko watano, ni 500. Kwa wiki 10 ni 5,000 ya kuokoana mtu akikwama nauli. Mweka hazina atume picha ya salio kila Jumapili, bila kuulizwa.

Kama baada ya kuhesabu unaona pesa inayotoka bado ni kubwa kuliko inayoingia, usifiche. Nenda kwa ofisi ya wanafunzi mapema uulize kuhusu kulipa karo kwa awamu na kuhusu basari ya kaunti na ya CDF ya kwenu. Ofisi hizo zina mengi ya kufanya wiki ya tatu. Wiki ya mtihani, ukiwa umefungiwa nje kwa sababu ya salio la karo, hazina mengi.

Kenya inakuhitaji wodini ukiwa na leseni, na ukiwa umelala vizuri. Anza na zile 375 za leo.