Ng'ombe na Ukingo wa Kijito

Watu wa Masuguru na wa pande zote za Handeni na Korogwe waijua shida ya maji wakati wa kiangazi. Basi yafaa tujifunze jinsi kijito kinavyoharibika.

Ng'ombe, jua likiwa kali, hupenda kukaa penye maji na kivuli. Wakikaa hapo siku kwa siku, majani huliwa mpaka shina, na kwato huushindilia udongo, hata mvua isipenye ndani. Ukingo usio na mizizi hubomoka. Kijito hupanuka, kina hupungua, na mavi huyachafua maji ya kunywa. Tope la vijito vya Korogwe hushukia Mto Pangani, mpaka Hale, penye kituo cha umeme tangu mwaka 1964.

Je, tufanyeje? Ng'ombe wasinyimwe maji. Tuwachagulie njia moja ya kushukia, penye mawe. Au afadhali tuwanyweshe katika birika mbali na ukingo. Majani yapumzishwe, yapate kumea. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza kazi za kudumu na za kuharibu katika mita 60 za ukingo wa mto.

Mchungaji mwema huyaangalia pia maji ya jirani akaaye chini yake.