Mbwa wa Nyumbani na Bima ya Nyumba

Kama mtu angeniambia mwaka jana kwamba mbwa aweza kumzuia bwana wake kununua nyumba, ningemcheka. Kwetu mbwa hulala uani, hula makombo, wala hakuna amwulizaye kabila lake. Lakini likizo iliyopita tulipata barua ya mjomba, akaaye Columbus, katika jimbo la Ohio, huko Marekani. Alitaka kununua nyumba kwa mkopo wa benki. Benki ilimwambia kwamba bila bima hapana mkopo. Alipokwenda kukata bima aliulizwa, "Je, una mbwa? Wa aina gani?"

Mjomba anaye mbwa aina ya Rottweiler, ambaye watoto wake wamemlea tangu akiwa mdogo. Rafiki yake mmoja alimshauri aandike kwamba hana mbwa kabisa. Mjomba akatutaka shauri. Bibi alisema, "Mbwa gani huyo wa kuwanyima watu nyumba?" Mimi, kwa kuwa nasoma Biashara, niliagizwa nilichunguze jambo hili.

Kwanza, tukumbuke bima ni nini. Ni kama chama cha kuzikana: wengi hutoa kidogo kidogo, ili yule afikwaye na msiba asaidiwe kutoka mfuko mmoja. Bima ya nyumba ya Marekani haiangalii moto na wezi tu. Huangalia pia dhima, yaani wajibu wa mwenye nyumba kumlipa mtu aliyeumia kwa sababu yake. Mbwa akimwuma jirani au mleta barua, kwa kawaida ni bima hiyo ilipayo matibabu na fidia. Mara nyingi kikomo chake ni kati ya dola 100,000 na 300,000. Fidia ikizidi hapo, mwenye mbwa hulipa mwenyewe, na pengine akaipoteza akiba yake yote.

Tena malipo hayo si madogo. Mwaka 2024 makampuni ya bima ya Marekani yalilipa zaidi ya dola bilioni 1.5 kwa madai ya watu walioumizwa na mbwa. Kila dai lilifikia wastani wa dola 69,000 hivi. Kwa ajili hiyo makampuni mengi yana orodha ya mbwa wanaoogopwa. Humo huwamo pit bull, Rottweiler, Doberman, Akita, chow chow, na mbwa waliochanganya damu na mbwa-mwitu. Mwenye mbwa wa namna hiyo aweza kukataliwa, au kuongezewa ada, au kupewa mkataba usemao kwamba madhara ya mbwa hayamo. Makampuni mengine hayatazami aina. Huuliza tu kama mbwa huyo amewahi kumwuma mtu.

Je, orodha hizo ni za haki? Hapa wenyewe hawapatani. Makampuni husema kwamba mbwa mwenye nguvu akiuma huleta jeraha kubwa, na hasara yake hulipwa na wote watoao ada. Wengine hujibu kwamba aina haitoshi kuonyesha tabia. Mwaka 2022 wataalamu walitoa uchunguzi wa mbwa zaidi ya 18,000, wakaona kwamba aina hueleza kama asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa na mbwa. Wazee wetu nao walisema zamani: mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Mwaka 2021 majimbo ya New York na Nevada yalitunga sheria za kuzuia makampuni yasimkatae mtu kwa sababu ya aina ya mbwa wake. Hata hivyo, mbwa mmoja aliyethibitika kuwa wa hatari aweza bado kuhesabiwa.

Sasa nirudi kwenye shauri la yule rafiki. Mkataba wa bima husimama juu ya uaminifu kamili. Mtu akificha mbwa wake, ada yake itapokewa vizuri mwaka hata mwaka. Lakini siku mtoto wa jirani atakapoumwa, kampuni itachunguza, na ikiona uwongo yaweza kukataa kulipa, au hata kuuvunja mkataba. Hapo mwenye nyumba atabaki na deni la benki, deni la hospitali, na nyumba isiyo na bima. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Nilimwandikia mjomba hayo yote kwa niaba ya bibi. Akajaza fomu kwa kweli tupu. Kampuni ya kwanza ilimkataa. Ya pili iliomba cheti cha kuonyesha kwamba mbwa amefundishwa utii, ikamkubali kwa ada kubwa kuliko aliyoitazamia. Watoto hawakutengwa na mbwa wao, na nyumba wameipata. Bibi bado asema ni fedha za bure.

Nasi tutakaoketi kwa mtihani mwaka huu, tukiulizwa maana ya uaminifu kamili katika bima, natumaini tutamkumbuka mbwa huyu.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne